Mlango Unaojua Majibu Mawili

Siku ile jua lilifika utosini likagoma. Sisemi lilichelewa. Liligoma, kama punda aliyekwisha kuamua, na kivuli cha kila mmoja wetu kikajikunja chini ya nyayo zake kikalala. Ndiyo maana siwezi kukwambia, mwanangu, mambo haya yalichukua muda gani. Katika mji ule muda haukuwa kitu cha kupita. Ulikuwa kitu cha kukaa nacho chumbani, kinakutazama, nawe unakitazama, na hakuna anayeanza kusema.

Chumbani nilikuwa mimi na kompyuta. Mlangoni alisimama Bwana Farahani, mpiga mbiu, na pembe yake ya nyati shingoni. Juu ya vichwa vyetu, kwenye paa la bati, alikuwa mjukuu wangu Siwatu, ameinyoosha simu mbinguni kwa mikono miwili, kwa sababu katika mji ule mtandao haukupata kushuka chini ya usawa wa bati. Simu iliunasa huko juu ikaurusha chini kwa mashine. Mikono yake yote ilikuwa imekwisha kupata kazi. Mikono iliyobaki, ya kuandika, ilikuwa yangu.

"Bibi! Upo?"

"Nipo, mke mwenzangu. Nitakwenda wapi na jua limenikalia kichwani?"

Namwita mke mwenzangu kwa sababu babu yake alikuwa akimposa kila asubuhi kwa kipande cha muhogo wa kuchoma. Naye alikuwa akikubali, anakula, kisha anavunja uchumba.

Nikwambie tulichokuwa tukikiogopa, ili tukiogope pamoja. Mto ulikuwa umevimba huko juu na maji yalikuwa njiani. Chini yetu, Bondeni, ni nyumba za udongo tupu, na nyumba ya udongo ikilowa miguu haisimami. Kwa hiyo kukaa hakukuwezekana. Kutoka Bondeni kuna njia mbili tu: njia ya daraja na njia ya makaburini. Mto ule ukijaa huchagua moja kati ya hizo mbili, nyingine ukaiacha kavu kabisa. Hausemi mapema unachagua ipi. Atakayekutwa kwenye njia iliyochaguliwa, huyo hatuna la kumwambia tena. Na huko Bondeni alikuwako binti yangu Zamda, mama yake Siwatu, mguu mmoja umefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni.

Siwatu amesomea maji. Alisema ipo programu ya wanasayansi iitwayo Mkondo: ukiipa vipimo vya mto na mteremko wa ardhi, inakokotoa maji yatapita wapi. Lakini haikuwamo ndani ya mashine. Ilibidi isakinishwe kwenye kompyuta hii kuukuu, yenye mfumo wa Linux, na Linux, kama utakavyoona, si mfumo wa kubembelezwa. Kilichokuwamo ni programu ndogo ya zamani ambayo Siwatu aliipa jina Sikio. Sikio ilipokea vipimo kwa redio kutoka kwenye nguzo zilizochomekwa mtoni huko juu, ikaviandika kwenye kona ya kioo, tarakimu baada ya tarakimu, kama mtu anayetafuna bisi. Mto ulikuwa ukipanda. Hilo hata mimi niliweza kulisoma.

"Bi Mdogo," akasema Farahani, "mwambie mjukuu wako ajue. Mimi sina mbiu mbili. Msimu uliopita nilipiga, watu wakahama, maji hayakuja, na waliporudi wakakuta kuku wao hawapo. Mpaka leo nikipita mtaani wananilia kama jogoo. Wameniambia wazi: Farahani, tutakusikiliza mara moja tu. Nikipiga mlio mrefu, watashika njia ya makaburini. Nikipiga wa kukatakata, watashika daraja. Nikikosea, hakuna wa kunilaumu atakayebaki."

"Basi funga mdomo, uitunze pumzi," nikamwambia.

*

Kitendawili. Namwita kwa jina hageuki. Nikimnong'oneza neno ambalo hata mimi silioni, ananifungulia nyumba nzima.

Ni nenosiri. Siwatu alilipaza kutoka juu ya paa herufi moja moja, nami nikaliandika, na kioo hakikuonyesha kitu. Si herufi, si nyota, si nukta. Unaandika gizani, vidole vinasema nawe huvisikii. Nilidhani kibodi imekufa.

"Haionyeshi kitu!"

"Ndivyo ilivyo, Bibi. Endelea hivyo hivyo. Ukimaliza, bonyeza kitufe kikubwa cha kulia." Kisha akashusha sauti, na sauti ya mtu aliye juu ya paa ikishuka inakuingia kifuani. "Sasa wewe ndiye mwenye nyumba. Kuwa mwangalifu. Mwenye nyumba haulizwi kwa nini."

Nikabonyeza. Dirisha jeusi likapanuka, likavuka mipaka ya kioo, likapita mabega yangu, nami nikawa nimesimama uani mwa nyumba nisiyoijua. Nikaitazama mikono yangu. Mishipa ilikuwa imezama, ngozi imekazana, na pete niliyoizika pamoja na mume wangu ilikuwa kidoleni. Sikushangaa. Mtu akipewa mamlaka, kwanza hurudishiwa mikono ya ujana.

Ua ule ulijaa watu, na hakuna hata mmoja aliyeegemea ukuta, maana kuta hazikuwako. Kila mmoja alimwegemea mwenzake mgongoni. Anayechora picha alimwegemea anayechora herufi. Anayechora herufi alimwegemea anayejua rangi. Anayejua rangi alikuwa amelala fofofo juu ya bega la mtu ambaye hakumjua hata jina. Nilimwona Sikio, programu yetu ya vipimo, sasa kijitu chembamba chenye sikio moja kubwa, na yeye pia ameegemea. Na katikati, chini yao wote, alikaa mwanamume mzima kwenye kigoda, amenipa mgongo. Wengi waliegemea mgongo ule. Niliujua. Nimeusugua mgongo ule kwa jiwe na dodoki miaka ya ndoa yangu yote. Nilimwita, hakugeuka. Kifuani mwake, nilipomzunguka, paliandikwa tu: Hesabu wa Zamani.

"Hodi," ikasema sauti langoni.

Nami nikasema, "Karibu."

Hapa nikueleze mila yetu, kwa sababu mambo yote yaliharibikia hapa. Kwetu mtu akibisha hodi hujibiwa karibu. Jina ataulizwa akishakaa, na shida yake akishakunywa maji. Kumuuliza mtu aliyesimama juani "wewe nani na unataka nini" ni kazi ya askari, si ya mwenye nyumba. Na ukitaka kumkatalia, humkatalii. Unamwambia tutaona. Unamwambia ngoja nimuulize mwenzangu. Unamwambia Mungu akipenda, na yeye anaelewa, anaaga, anakwenda zake na heshima yake mkononi. Kati ya ndiyo na hapana sisi tumejenga mtaa mzima, wenye vichochoro na mabaraza, na wengi wetu tumeishi humo hadi kufa bila kutoka kwenda upande wowote.

Lakini mlango ule ulijua majibu mawili tu.

"Mkondo anataka kuingia," ukasema. "Mkondo anahitaji Ramani. Ramani anahitaji Mistari. Niendelee? Ndiyo au hapana."

Nikaandika ndiyo. Wakaingia, wanatweta, mizigo kichwani.

"Mkondo anahitaji Mteremko. Niendelee? Ndiyo au hapana."

Ndiyo, karibuni, piteni. Nilianza kufurahi. Nilijiona nimekaa kama mama wa harusi, wageni wanamiminika, nami kazi yangu ni kutikisa kichwa tu.

Kisha akaja kijana mmoja na begi jipya, amenyoa vizuri, jasho linamtiririka. Alisimama langoni, hakuvuka. Mlango ukasema, na sauti yake ilikuwa ile ile, haikupanda wala kushuka: "Hesabu Mpya anataka kuingia. Ili aingie, Hesabu wa Zamani atatoka, pamoja na wote waliomwegemea. Niendelee? Ndiyo au hapana."

Niliyasikia maneno. Naapa niliyasikia. Lakini macho yangu yalikuwa kwa mgeni aliyesimama juani.

Nikaandika ndiyo.

*

Mzee wa kigodani aliinuka bila kunitazama, akakichukua kigoda chake, akaondoka. Waliokuwa wamemwegemea walianguka chali mmoja baada ya mwingine, bila kelele, na walipogusa ardhi hawakuwako. Sikio alinigeukia. Alitaka kufungua mdomo, na nikagundua kuwa hakuwa na mdomo.

Nikawa chumbani tena, kwenye kiti, na mikono yangu ya kizee.

"Bi Mdogo," akasema Farahani. "Mbona kona ile imenyamaza?"

Nikatazama. Tarakimu zilikuwa zimesimama. Mto bado ulikuwa unapanda huko uliko, lakini hatukuwa na sikio la kuusikia.

"Siwatu!" nikaita. "Imenyamaza!"

"Nini kimenyamaza?"

"Sikio."

Bati likalia hatua moja. "Bibi. Imekuuliza nini?"

"Imeuliza kama iendelee."

"Na wewe?"

"Nimeikaribisha."

"Ulisoma inaondoa nini?"

"Mgeni alikuwa amesimama juani, Siwatu!"

Heri angenitukana. Mtoto niliyemlea, niliyemchambua chawa, akaniambia tu nisiguse chochote.

"Hongera," akasema Farahani. "Tulikuwa na mwenye sikio asiyejua kuhesabu. Sasa tuna anayejua kuhesabu, na ni kiziwi. Tumepiga hatua."

"Farahani, nitakuvunjia hiyo pembe."

"Vunja. Itakuwa imeniondolea kazi."

Niliyaona yale mambo kwa ukamilifu wake: Mkondo ulikuwa umeingia, umekaa, una akili zote za wanasayansi, lakini vipimo vya mto vilikuwa vinaletwa na Sikio, na Sikio alikuwa ameangushwa na mimi, kwa adabu.

Nikaanza kujiuliza, na swali hilo halijaniacha mpaka leo: mamlaka ni nini hasa? Nilidhani ni nguvu ya kufanya. Lakini nguvu sikuitumia hata kidogo. Nilitikisa kichwa tu. Mwenye nyumba ndiye peke yake ambaye nyumba haimwulizi una hakika. Mtumishi akitaka kubomoa ukuta, ukuta humgomea, humwambia huna ruhusa, na kwa hiyo mtumishi analindwa na udogo wake. Mwenye nyumba analindwa na nini? Akisema bomoa, ukuta unajibomoa wenyewe, kwa utiifu, mpaka tofali alilosimamia. Je, mwenye nyumba anaishi ndani ya nyumba, au anaishi kwenye mwanya ule mdogo kati ya swali na jibu lake? Na aliyezoea kujibu ndiyo kwa watu wote, yeye ni mkarimu, au ni mlango tu, mlango uliojifunza kutabasamu?

Ndiyo. Neno zuri. Ndiyo kwa aliyekuja kuniposa kabla sijamwona uso. Ndiyo kwa kila aliyesema shikilia hapa nakuja. Mikono yangu ilijaa vitu vya watu. Ndiyo. Ndiyo. Nani alikuwa anajibu, mimi au ulimi?

*

Mimi nikiogopa hutega vitendawili. Wengine huomba, wengine hula. Siwatu huko juu alikuwa anasoma kitu kwenye simu, nasikia kucha zake zikigonga kioo, naye ameniambia nisiguse chochote. Chumba kilinibana. Nikasema:

"Kitendawili."

Farahani akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akivaa kanzu. "Sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Haya. Tega."

"Nimemvuta mmoja, ukoo mzima ukatawanyika."

Akafikiri kwa kweli. Alisahau kuogopa, nikaona mabega yake yakishuka. "Nyuki. Ukimvuta malkia."

"Hapana."

"Soksi. Ukivuta ule uzi."

"Karibu upate. Sivyo."

"Basi nimeshindwa."

Na mimi, kwa mazoea tu, kama ambavyo ningemwambia mtoto yeyote jikoni, nikasema: "Nipe mji."

Kwetu anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Husema chukua mji fulani, na mtegaji huupokea, husema nimekwenda nikala nikanywa, kisha hutoa jibu. Ni mchezo. Nimepewa miji mingi katika maisha yangu, mikubwa na midogo, nikaila yote, ikabaki mahali pake.

Mkono wa Farahani ulikwenda kwenye pembe ukaishika.

"Mji gani, Bi Mdogo?" akasema polepole. "Tuna mmoja tu."

Hapo ndipo nilipoielewa mashine. Nilikuwa nimeidhania mlango, au nyumba, au mtumishi. Kumbe ilikuwa mtegaji. Ilikuwa imekaa pale na uso wake mweusi, imetutegea, na inasubiri tushindwe. Na sisi tukishindwa, mji tutakaoutoa hautabaki mahali pake.

"Ni uzi wa shanga," nikamwambia Farahani haraka. "Jibu ni uzi wa shanga. Sitaki mji. Usinipe kitu."

*

"Bibi!" Siwatu alikuwa amerudi, na sauti yake ilikuwa na kazi ndani yake. "Nisikilize. Wale Hesabu wawili hawawezi kukaa chumba kimoja. Mkondo anamtaka mpya, Sikio anamtaka wa zamani. Unakumbuka wewe na Bi Mafunda?"

Sikuhitaji kukumbuka. Bi Mafunda alikuwa mke mkubwa, mimi mdogo. Ndiyo maana mji mzima uliniita Bi Mdogo. Tulipikia jiko moja. Nikiteleka, anaipua, akitia chumvi, naongeza. Mwiko wake nimeutupa chooni, kinu changu amekipasua. Mume wetu alichukua jembe akajenga jiko la pili nyuma ya nyumba, na tangu siku ile tukapikiana mpaka nikamfunga Bi Mafunda sanda kwa mikono yangu.

"Unataka kujenga jiko la pili," nikasema.

"Ndiyo hasa. Tunamrudisha mzee mahali pake, na Sikio wake. Halafu tunamzungushia Mkondo uzio wake peke yake, na huyo mpya tunamweka ndani ya uzio. Humo ndani apike anavyotaka. Nje hajulikani. Lakini Bibi, kila ikiuliza, usijibu. Nisomee kwanza. Neno kwa neno."

"Hata kama mgeni amesimama juani?"

"Hata akianguka."

Nikaingia tena uani. Palikuwa peupe, vumbi tupu, na yule kijana mpya amekaa peke yake juu ya begi lake, haya zimemjaa. Mlango ukasema: "Ili Hesabu wa Zamani arudi, Hesabu Mpya atatoka, na Mkondo atatoka naye. Niendelee?" Nikasoma kwa sauti, jina baada ya jina. Siwatu akasema ndiyo. Nami nikaandika, na mara hii niliona mkono wangu ukiandika.

Mzee akarudi na kigoda. Akakaa. Wale wengine wakaja mmoja mmoja wakamwegemea. Kwenye kona ya kioo tarakimu ikaruka, kisha nyingine. Farahani akashusha pumzi, kisha akaisoma ile tarakimu, akaivuta tena pumzi yake ndani. Mto ulikuwa umepanda sana tulipokuwa viziwi.

"Sasa uzio," Siwatu akapaza. "Ila kwanza vua umwenye nyumba. Andika toka."

"Nivue? Nitajengaje bila ruhusa?"

"Jiko la pili halihitaji ruhusa ya nyumba nzima, Bibi. Ukijenga ukiwa mwenye nyumba, utabomoa tena bila kujua."

Nikaandika toka. Pete ikapotea kidoleni, mishipa ikarudi. Na nilipotazama, niliweza kufanya machache sana, na katika hayo machache hapakuwa na la kuua. Sijui kama nimewahi kupumua vile.

Uzio ukasimama. Ndani yake nikamwita Mkondo, na kijana mpya na begi lake, na wote anaowahitaji. Mtandao ukaanza kuwateremsha kutoka angani, na kwenye kioo ukatokea mstari unaojaza vibanda kutoka kushoto kwenda kulia. Ukajaa robo. Ukajaa nusu. Ukasimama.

Simama. Jua limesimama, mstari umesimama. Kitu kilichokaribia kwisha ni kirefu kuliko kisichoanza. Nilizeeka mbele ya mstari ule. Nilikuwa msichana, nikawa mke, nikamzaa Zamda, Zamda akatambaa kuelekea kwenye kioo, akasimama dede kwa kushika meza, akaolewa, akavunjika mguu, na mstari haukusogea.

"Mtandao umeshuka!" Siwatu akalia. "Na simu inaishiwa chaji. Nahitaji kupanda juu zaidi, Bibi, na juu zaidi hakuna!"

Farahani aligeuka, akakanyaga dirisha, nikaona miguu yake ikipotea juu. Bati likapiga mayowe. "Panda," nikamsikia. "Mabegani. Nimebeba magunia mabaya kuliko wewe."

"Utateleza!"

"Nikiteleza utakuwa umefika chini haraka. Panda, binti!"

Mstari ukatikisika. Ukajaa kibanda kimoja, kingine. Ukafika ukingoni ukafutika, na chini yake pakaandikwa: Tayari. Hapo hapo simu ikazimika, na mtandao ukakatika kama kamba ya kisima.

*

Lakini kusakinisha si kusanidi; kuingiza si kupanga. Mtu ameingia jikoni, bado hajui maji yako wapi. Mkondo aliamka ndani ya uzio wake, akauliza: "Vipimo vya mto viko wapi?"

"Mbona Sikio yupo hapo hapo nje!" nikasema.

"Hawezi kumwona," Siwatu akajibu kutoka juu. "Tumemzungushia uzio, Bibi. Lazima tumtobolee dirisha. Fungua faili la mipangilio. Kuna mstari unasema chanzo. Mbele yake andika mahali Sikio anapoweka vipimo." Akanitajia njia, mkwaju kwa mkwaju, vile vistari vya kuinama, chumba ndani ya chumba. Niliandika, nikamsomea, akasahihisha herufi moja. Nikahifadhi. Nikampa Mkondo amri ya kuanza.

Aliusikiliza mto. Kioo kilijaa hesabu zinazopanda mbio hivi kwamba macho yalishindwa kuzikamata, kisha zikakoma, na chini kabisa ikabaki mistari miwili, mifupi, haina sauti.

Darajani: maji.

Makaburini: kavu.

Nikaipaza.

"Inajuaje?" Farahani akauliza.

"Haijui," Siwatu akasema. "Inakokotoa."

"Na ikikosea?"

Nilisubiri jibu lake kama ninavyosubiri sasa niliandike. Angeweza kusema haikosei. Angeweza kuingia katika ule mtaa wetu wa katikati, akasema tutaona, Mungu akipenda. Akasema:

"Inaweza. Mama yangu yuko huko, Bwana Farahani. Piga."

Watu wa Bondeni hawapiti njia ya makaburini kwa shughuli za walio hai. Hupita wakimsindikiza mtu, na hurudi wamepungua mmoja. Farahani alilijua hilo kuliko sisi. Nilimsikia akivuta pumzi, ndefu, mpaka nikadhani amekufa nayo, kisha pembe ikalia mlio mmoja, mrefu, usiokatika, ukateremka Bondeni ukaingia kila nyumba bila hodi.

Na jua likatikisika. Kivuli cha kiti changu kikanyoosha mguu.

Sikuweza kukaa. Nilitoka nje, nikasimama chini ya paa, na kutoka pale sikuona kitu ila miguu ya Siwatu na anga.

"Wanatoka," akasema. "Bibi, wanatoka! Wameshika makaburini. Wote. Wamebeba magodoro."

"Zamda?"

"Simwoni."

"Tazama vizuri."

"Natazama, Bibi."

Kisha tukasikia upande wa daraja. Sitaielezea sauti ile. Bati lilitetemeka, na vumbi la ukuta likanimwagikia kichwani. Farahani akasema kwa sauti ndogo, "Daraja limekwenda," lakini macho ya Siwatu hayakuwa kwenye daraja.

"Bibi."

"Sema."

"Kuna kitanda."

"Kitanda gani?"

"Kwenye njia ya makaburini. Kimebebwa mabegani. Kimefunikwa shuka, kote."

"Kote mpaka kichwani?"

"Mpaka kichwani." Akaongeza: "Watu wanakipisha. Wengine wanavua kofia."

Katika njia ile sijawahi kuona kitanda kikipita mabegani, kisha aliyelala juu yake akarudi. Sikulia. Nilitazama nyayo za mjukuu wangu pembeni mwa bati, vidole vimekunjamana kama vya ndege, nikangoja vikunjuke au vianguke.

"Shuka limesogea," akasema Farahani.

"Upepo," Siwatu akasema.

"Hakuna upepo, binti."

Kisha bati likalia kwa nguvu, Siwatu amesimama wima.

"Ni jua! Mama alikuwa amejikinga jua! Bibi, ameinuka, amekaa! Ana mkongojo. Anampiga nao yule wa mbele."

"Anampigia nini?"

"Sijui, Bibi. Nadhani wanamtikisa."